Majibu Yaliyompata Vénantie Kwanza

Honorine aliketi mwishoni mwa benchi, nje ya chumba cha uchunguzi cha kituo cha afya, juu kidogo ya soko la Kamembe, Rwanda. Kitenge kilikuwa kimefungwa vizuri kiunoni, mkoba uko mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tangu Jumapili. Alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, kwamba asitokee mtu anayemfahamu.

Akatokea Muhigirwa.

Alimwona akiingia getini, mrefu, mabega yameinama, viatu vimejaa tope la mpakani. Alikuwa amevuka kutoka Bukavu, Kongo, mikono mitupu, na mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mikono mitupu siku ya soko ana jambo zito. Moyo wa Honorine uliruka. Akaukasirikia, maana alikuwa ameuonya kwa siku nne usithubutu kuruka tena kwa ajili ya huyu mwanamume.

"Nani alikuambia niko hapa?" akamuuliza kabla hajasalimiwa.

"Mama yako. Nilimupigia simu."

"Na njo ukakuya kunipatisha haya mbele ya batu?"

Akina mama watatu waliokuwa kwenye benchi wakanyamaza kwa pamoja. Mmoja akajifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu chake. Mnaijua hali hiyo, mtu anatafuta kitu ambacho hakukiweka.

"Niketi?" Muhigirwa akauliza.

"Benchi haiko yangu."

Akaketi. Kati yao aliacha nafasi ya mtu mmoja, na nafasi hiyo ndiyo iliyomuuma Honorine zaidi ya yote. Mwezi uliopita mwanamume huyuhuyu alikuwa akiketi karibu naye hadi mama yake Honorine, mzee Mukamurenzi, anakohoa makusudi.

Nianze walipoanzia, ili msimhukumu mtu bure. Honorine alizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, akarudi nao Rusizi, akaolewa na mume ambaye aliondoka kutafuta kazi na hakurudi wala kupiga simu. Akajiinua mwenyewe. Nyanya na mboga za lengalenga za Giheke, unga wa muhogo wa Gashonga, vyote alivibeba kuvuka mpaka na kuviuza Bukavu. Huko sokoni ndiko alikokutana na Muhigirwa, mjane mwenye binti mmoja, Chloé, na ndiyo maana soko zima lilimwita Papa Chloé. Walipendana polepole, kama watu waliowahi kuumia. Walikuwa watu wazima, na sitawadanganya kwamba kwa mwaka mzima walishikana mikono tu. Sasa mahari, dote kama waiitavyo huko, ilikuwa ivuke mpaka Jumamosi hii.

Kisha kukaja kipimo. Kanisani walitangaza kwamba wanawake waliopita miaka thelathini waende kupimwa kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi. Honorine akaenda. Alipewa kijiti chenye pamba, akaingia nyuma ya pazia, akajichukulia mwenyewe, akakirudisha ndani ya kichupa. Muuguzi akamwomba namba ya simu, naye akataja ile anayompa kila mtu.

Namba hiyo ilikuwa ya Vénantie, dada mkubwa aliyemlea Muhigirwa, yaya yake kwa lugha yao. Kila mtu anayevuka kila siku analijua tatizo hili. Ukishafika Bukavu, laini yako ya Rwanda inakuwa kama jiwe mfukoni. Kwa hiyo wanawake wa mpakani huacha namba ya mwenzao anayebaki upande huu, na Vénantie alikuwa na stoo Kamembe, hatoki hapo mchana kutwa. Akipiga mkulima wa Giheke kumtafuta Honorine, Vénantie husema, "Ndiyo, ni Honorine," na biashara inaendelea. Ukisema hayupo, nyanya zinaenda kwa mwingine.

Muuguzi alipopiga, alimuuliza mara mbili kama ni yeye mwenyewe.

"Mwenyewe kabisa," Vénantie akasema, akidhani ni habari ya unga.

Basi akaambiwa. Kirusi kimeonekana, kile cha papiloma, tena ni cha aina ya hatari. Si kansa, asiogope, ila arudi Alhamisi aangaliwe kabla hakijaharibu kitu, maana hupita kwa watu wanaolala pamoja na kinaweza kuleta kansa baadaye. Vénantie hakusikia "si kansa" wala "asiogope". Alisikia "kirusi", akasikia "wanaolala pamoja", akasikia jina la ugonjwa uliomuua Bernadette, mke wa kwanza wa Muhigirwa, ambaye yeye Vénantie alimuuguza hadi siku ya mwisho. Jioni ile ukoo wote wa Bukavu ulikuwa na habari. Honorine alikuwa wa mwisho kujua, Jumapili, kilichomo mwilini mwake.

"Hono," Muhigirwa akasema kwa sauti ndogo. "Nimekuletea habari muzuri."

"Muzuri?"

"Familia bamekubali."

Honorine akageuka, kwa mara ya kwanza akamtazama machoni. Macho ya Muhigirwa yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. Aliyapenda macho hayo, na hilo nalo lilimchosha.

"Bamekubali nini?"

"Kungojea. Yaya Vénantie alikuwa anasema dote isivuke hata siku moya. Nilipigana na bo, Hono, tangu juzi. Mwisho bakasema sawa, tungojee mwaka moya. Muganga atakupima tena. Kama kirusi kimeisha, tunakuya kwenu na dote yote, na vigelegele."

Alisema hayo kama mtu aliyebeba gunia toka Ruhwa kwa miguu na sasa anasubiri apewe maji. Honorine hakumpa maji.

"Na kama hakiishi?"

Muhigirwa akakwaruza tope la kiatu kwa ukucha.

"Papa Chloé, nakuuliza. Kama mwaka unaisha na kirusi kiko bado?"

"Tutaona."

"Tutaona nini? Ulipokuya Giheke kwa mama yangu, ulisema unanitaka miye. Haukusema unanitaka kama mashini inakubali."

"Haiko vile."

"Iko vile kabisa. Mama alishapika pombe ya ndizi. Viti tulishaomba ku kanisa. Nimwambie nini? Kama mutoto wake bamemurudisha ku majaribio, sawa pikipiki?"

Mama mwenye kikapu akasonya kwa niaba ya Honorine. Muhigirwa akainamisha kichwa.

"Nimechoka, Honorine."

"Nani hajachoka?"

"Nilishazika muke moya." Akahamia tope la kiatu cha pili. "Nilimuona vile alikuwa anaisha. Ile harufu, ile kulia. Chloé alikuwa anasimama ku mulango, anaogopa kuingia kwa mama yake. Siwezi kuzika wa pili. Nakupenda, njo maana siwezi."

Hapo Honorine alitaka kumshika mkono. Mkono wake ulikwisha kuanza kwenda. Lakini akawaza ule mwaka ulioombwa, mwaka wa kutazamwa tumboni na mawifi kila akivuka, akaurudisha mkono kwenye mkoba.

"Haukukuya kunizika," akasema. "Ulikuya kunioa."

Mlango ukafunguka. Muuguzi Benitha, msichana wa Kinyarwanda mwenye miwani, akaita, "Maman Honorine?" Honorine akaitika, akasimama, na uso wa Benitha ukabadilika. Sauti ya siku ile ya simu haikuwa ya mwanamke huyu.

"Maman, nisamehe. Nilimuuliza mara mbili kama ni weye."

"Najua, muganga. Iko kazi yake kusema vile. Namba nilitoa miye."

Muhigirwa naye alikuwa amesimama. "Muganga, naweza kuingia naye?"

Benitha akamtazama Honorine, akingoja. Alingoja kweli, hakumharakisha, na Honorine akajua kwamba leo, angalau kwa jambo hili moja, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

"Aingie," akasema. "Kila muntu alishajua. Abakie yeye tu?"

Chumba kilikuwa kidogo na kinanukia siki. Muhigirwa alikaa ukingoni mwa kiti, magoti yamebanana. Benitha alieleza taratibu, na Kiswahili kilipomkwama alipitia Kinyarwanda, Honorine akamfasiria mwanamume wake.

"Ile kipimo inatafuta kirusi chenyewe," muuguzi akasema. "Inatambua alama yake, hata kama kiko kidogo, hata kama muntu hasikii maumivu. Njo maana tunapenda kipimo hii. Tunakikuta mapema, mbele kansa haijaanza. Leo naangalia kama kilishagusa kitu. Kama kiko na alama, naichoma hapahapa, haimalizi dakika."

"Kilitoka kwa nani?" Muhigirwa akauliza.

Honorine akafumba macho. Hapo ndipo lilipo swali la Vénantie, la mawifi, la soko zima.

"Kipimo haisemi," Benitha akajibu.

"Na mashini yote ile?"

"Mashini inasema kiko, ao hakiko, na ni cha aina gani. Haisemi nani. Haisemi lini. Papa, hiki kirusi kinaweza kulala mu mwili miaka mingi. Karibu kila muntu mukubwa anakipata siku moya. Kwa bengi, mwili unakifukuza peke yake na habajui. Kwa bamoya kinabaki."

"Hata banaume?"

"Hata banaume. Banakibeba, habasikii kitu."

Muhigirwa akaanza kukunja mkono wa shati. Aliukunja hadi juu ya kiwiko, akaunyoosha mkono mbele ya Benitha, mshipa juu.

"Basi nipime na miye."

Benitha akautazama mkono ule, asijue aanzie wapi. "Haipimwi ku damu, Papa. Na kwa banaume hatuna kipimo ya hii. Hapa hatufanye, na hata ukiomba ku hospitali kubwa, batakuambia vile vile."

"Nitalipa."

"Haiko ya kulipa. Haiko tu."

Mkono ulibaki hewani. Honorine alimtazama usoni, na hapo akaona kitu ambacho hakuwa amekiona benchini. Mwanamume huyu hakuwa akimtuhumu yeye.

"Bibi yangu ya mbele, Bernadette," Muhigirwa akasema. "Alikufa na kansa ya hapo. Nilikuwa natembea sana mbele ya kumuoa. Goma, Uvira, nilikuwa kijana. Yeye alikuwa anatoka kwa baba yake kwenda kanisani, anarudi kwa baba yake. Muganga, niambie tu. Ni miye?"

Benitha aliziweka glavu mezani.

"Sijue, Papa."

"Lakini unafikiri."

"Sijue. Hakuna muntu anaweza kukuambia. Angepimwa mbele, tungemutunza. Kile njo naweza kukuambia peke yake."

Kwa siku nne Honorine alikuwa amejizoeza maneno ya kumchoma Muhigirwa, maneno makali, yamenolewa vizuri. Sasa yalimpotea yote. Alikuwa amemkasirikia kwa kuomba mwaka mmoja, kumbe mwenzake naye alikuwa akijikimbia. Akampenda palepale, na hasira ikiwa bado ipo, kwa namna ambayo watu wa miaka ishirini hawaijui. Lakini hakuwa tayari kumwambia.

"Toka inje," akamwambia kwa upole. "Wacha muganga afanye kazi."

Benitha alipaka siki, akasubiri, akawasha taa. Alama nyeupe ilikuwepo, ndogo. Akamwonyesha kwenye kioo kwa sababu Honorine aliomba aione. Kisha kile chuma cha moto, na tumbo likambana kama siku za mwezi, akauma kitenge chake. Kabla hajamaliza sala aliyoianza, Benitha alikuwa ameshazima mashine.

"Imeisha. Maji maji yatatoka siku kidogo, usiogope. Wiki sita usilale na mwanaume. Mwaka ujao unarudi tunapima tena."

"Na ndoa?" Honorine akauliza akiwa bado amelala. "Iko Jumamosi. Ao iko mwaka ujao."

"Kulala naye, ungojee. Ndoa, kirusi hakikatazi." Benitha akatabasamu kidogo. "Pale miye sina dawa, Maman."

Alipotoka, Muhigirwa alikuwa benchini, mkono wa shati bado umekunjwa. Alikuwa amelia na hakujali nani ameona. Honorine akaketi, safari hii bila kuacha nafasi katikati.

"Inauma?"

"Kidogo. Bameichoma. Ilikuwa ndogo."

"Hono, pengine ni miye nilikupatia."

"Pengine. Pengine ni ule mume wangu wa mbele. Pengine miye njo nilikupatia weye. Tunaweza kuketi hapa mupaka Pasaka, tukihesabu pengine."

"Haikukasirishi?"

"Kukasirika iko kazi, Papa Chloé. Saa hii sina nguvu ya kazi." Akavuta pumzi. "Lakini sikiliza. Jumamosi ukuye, ao usikuye tena hata siku moya. Mwaka ujao nitapimwa, ju ya mwili yangu, ju ya uzima yangu. Haiko ju ya yaya yako. Sitangojea mashini iniposee bwana."

Muhigirwa akaukunjua mkono wa shati. Kisha akatoa simu. Simu hiyo ilikuwa mbovu sikioni, haikusikika ila kwa sauti ya nje, na wanawake watatu wa benchi ile wakapewa yote bila kutega sikio.

"Yaya."

"Uko wapi?" Sauti ya Vénantie ilijaa uwanja mzima. "Chloé anasema ulitoka bila kula."

"Niko kwa baganga, na Honorine."

"Ulimwambia ya mwaka?"

"Nilimwambia. Amekatala." Akamtazama Honorine. "Na miye nakatala. Jumamosi tunavuka."

"Muhigirwa! Unataka kutuua? Ile kitu njo iliua Bernadette!"

"Najua."

"Unajua na unaenda kuoa ile ile? Mwanamuke anatoa kirusi kusikojulikana..."

"Yaya, nyamaza kidogo. Banaume njo banabeba pia. Banabeba na habasikii kitu. Kama munasema Honorine iko muchafu, niko muchafu naye." Alisimama, kama vile kusema hivyo ameketi kulimshinda. "Pengine ni miye nilikipeleka kwa Bernadette."

Simu ikatoa sauti za stoo, mtu akivuta gunia sakafuni, redio ya jirani. Vénantie alipoongea tena, hakuwa akipiga kelele.

"Unasema nini?"

"Pengine ni miye."

"Ulimupatia weye?"

"Sijue. Nimeuliza, hakuna wa kuniambia. Nitazeeka sijue."

"Miye njo nilimuosha, Muhigirwa," Vénantie akasema. "Kila asubuhi, miye njo nilikuwa namuosha. Alikuwa ananiuliza amekosea Mungu wapi."

Muhigirwa akaisogeza simu karibu na mdomo. Kisha laini ikakatika, na haikuwa kosa la mtandao.

Alibaki ameishika simu kiganjani. Wale wanawake watatu walikuwa wameinamisha macho, hata yule wa kikapu. Honorine alimvuta shati, akaketi tena. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakikuwa na ladha ya furaha aliyoitarajia. Mwanamume amemchagua mbele ya watu, na bei yake ni dada aliyemlea. Alimwonea huruma Vénantie. Hakuwa amepanga kumwonea huruma.

"Hatakuya," akasema.

"Hatakuya. Na bengine batamufuata."

"Unaweza kurudisha maneno yako. Sitakulaumu."

"Nishasema." Muhigirwa akapangusa uso kwa ule mkono wa shati. "Jumamosi nitavuka na Chloé. Kama kuna mujomba moya atakubali, tutakuwa batatu."

Honorine aliwaza viti vya kanisa vilivyopangwa uwanjani Giheke, safu kwa safu, na watu watatu wakiingia getini na mahari yao. Akawaza mama yake akikohoa. Tumbo likambana tena, akalegea, na kichwa chake kikafika begani kwa Muhigirwa mchana kweupe, mbele ya kila anayetaka kwenda kusimulia sokoni.

"Basi tutakuwa bachache," akasema.

"Tutakuwa bachache," Muhigirwa akaitikia, akamshika mkono, naye akauacha ushikwe.